Mfalme Wangu Alipokosa Njia

Nikiukumbuka mwaka ule, jambo la kwanza linalonijia ni usingizi. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na usingizi wake haukuwa na adabu hata kidogo. Ulinikamata nikichambua pondu, yale majani ya muhogo, ulinikamata nikianika nguo, ulinikamata hata kanisani nimepiga magoti, mpaka mama mmoja wa nyuma yangu akanifinya. Kisangani ya miaka ile ya hamsini, ambayo Wazungu waliiita kwa jina lao na sisi tukaendelea kuiita kwa jina letu, naiona mpaka leo kupitia usingizi ule: ukungu wa mtoni ukitembea polepole kati ya nyumba za mtaa wetu, sauti ya maporomoko ikisikika kwa mbali mchana kutwa bila kukatika, na mimi nimeketi mlangoni na beseni magotini, sijui kama ni asubuhi au ni alasiri.

Msidhani nilikuwa mpole, lakini. Kulala nililala, ila ukiniamsha vibaya ungejuta. Mume wangu alilijua hilo vizuri.

Alikuwa karani bandarini, mtu wa Isangi, mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi ya makaa kila siku aliyoiumba Mungu. Nilimwita Papa, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita waume zao hata kabla mtoto hajaja. Nikikasirika nilimwita Monsieur, naye akisikia Monsieur alianza kutafuta kofia yake. Alikuwa na fahari mbili duniani. Moja ilikuwa mwandiko wake, ambao kweli ulikuwa mzuri kama wa vitabu vya kanisa. Ya pili ilikuwa sataranji.

Mchezo huo alifundishwa na padri mmoja mzee akiwa shuleni. Akaja nao mjini, akawafundisha makarani na wauguzi na walimu waliokutana cercle, ile nyumba ambapo watu weusi waliosoma walikwenda jioni kunywa limonadi na kusoma magazeti. Aliwafundisha, kisha akawapiga wote, mmoja baada ya mwingine, miaka mitatu mfululizo. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa Bafwasende, huko msituni, na wanasema aliupokea uhamisho kwa furaha kwa sababu hiyo tu.

Mimi alinifundisha wakati wa mvua, kwa kuwa njia ya kwenda cercle iligeuka tope na alihitaji mtu wa kumpiga. Yeye alisema sivyo. Ndivyo. Tulikuwa na ubao alioupaka rangi mwenyewe juu ya kifuniko cha sanduku la chai, na sanamu zilizochongwa na seremala wa kwao. Niliyapenda yale majina: mfalme, malkia, farasi, mnara. Yule anayetembea mshazari, Wafaransa wanamwita mwenda wazimu, na mimi nilimpenda kuliko wote. Wale wadogo wanane wa mbele wanaitwa pion. Mimi niliwaita wapagazi, kwa sababu walikwenda hatua moja moja, hawakurudi nyuma, na ndio waliokufa kwanza. Mpagazi akifika mwisho wa ubao bila kuliwa anageuka malkia.

"Hapa ndipo mchezo wenu unadanganya," nilimwambia. "Mupagazi gani umeona amekuwa malkia?"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa na kicheko kizuri, siwezi kumnyima hilo.

Alinishinda kila siku. Alinishinda kwa upole, akinionyesha nilipokosea, na ule upole ndio ulionichoma. Mtu akikupiga kisha akakucheka, unaweza kumtukana ukapoa. Akikupiga kisha akakufundisha, utafanya nini?

Sasa niseme ugomvi wetu ulikuwa wa nini. Mama yangu alikaa Basoko, pale Aruwimi inapoingia katika mto mkubwa, na alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa upande ule walipita mikononi mwake kabla ya kupita mahali pengine popote. Lakini macho yake yalikuwa yanamwacha. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na la pili lilibakiwa na pembe ndogo tu ya kuonea, upande wa sikio. Aliniletea ujumbe kwa kinywa cha mchuuzi mmoja wa samaki: njoo uzalie kwangu, njoo upesi, mtoto wako nimpokee mimi na sura yake niione kabla giza halijafika. Za watoto wa wenzio nimeziona zote, imebaki hiyo moja.

Nilitaka kwenda. Nilitaka mpaka nikawa nasikia harufu ya moshi wa jiko lake mchana, nimekaa mlangoni kwangu. Na mume wangu alisema hapana.

Hakusema kwa ukali. Alisema mtoto atazaliwa maternité, hapa hapa mjini, penye daktari na shuka nyeupe. Wakati huo alikuwa ameomba ile kadi waliyopewa weusi walioitwa wastaarabu, na Wazungu wangeweza kuja siku yoyote kuchungulia kama tuna uma mezani na kama choo kinafagiliwa. Mke aliyekwenda kuzalia kijijini asingependeza katika faili. Nilidhani sababu ndiyo hiyo, na nililisema faili lake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo aliitaja mara moja tu, amenipa mgongo, akijifanya anatafuta kitu kabatini. Dada yake alikufa akijifungua kijijini kwao. Yeye alikuwa shuleni. Barua ilimfikia dada amekwisha kuzikwa.

Basi tukakaa hivyo wiki nzima, kila mtu na haki yake. Nyumba ilikuwa kimya. Hata lituma, zile ndizi kubwa za makemba za kuchemsha na kuponda ambazo alizipenda kuliko nyama, alikula bila neno. Boti ya kushuka mto ilikuwa inaondoka Alhamisi. Baada ya hiyo, kwa hali yangu, nisingeweza tena kusafiri. Nilikuwa ndani ya mwezi wa nane.

Jumapili tulipotoka misa mvua ikaanza, ile ya rasharasha isiyo na haraka. Aliweka ubao mezani kwa mazoea tu, akaanza kupanga. Nikamwambia:

"Bon. Leo tucheze ya kweli."

"Ya kweli namna gani?"

"Nikikushinda, nakwenda kwa mama. Ukinishinda, nabaki, na hutasikia tena jina la Basoko mu kinywa yangu mpaka mutoto azaliwe."

Alinitazama usoni, akalitazama tumbo, akatabasamu. Lo, lile tabasamu! Angekataa, mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu hawezi kushinda miaka mitatu bila kuharibika kidogo.

"Neno?" akauliza.

"Neno."

Tukapeana mikono juu ya meza kama watu wa soko.

Nilijua nitashindwa, na nataka ijulikane hivyo. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na ukaidi wangu tu, na hamu ya mama yangu, na usingizi. Na sasa nikifikiri, usingizi ndio ulionisaidia. Siku nyingine nilicheza kwa pupa, nikitaka kula, nikitaka kumwona anakasirika angalau mara moja. Siku ile mwili ulikuwa mzito na mkono ulikuwa mzito. Niliutazama ubao muda mrefu mpaka ile miraba ikaanza kuelea, nyeusi ikipanda, nyeupe ikishuka, na mvua juu ya mabati ikawa sauti moja na maporomoko. Mara nilikuwa Basoko, namwona mama amesimama penye mitumbwi, kichwa amekigeuza upande ili aone nani anakuja. Mara nilikuwa tena mezani, na mume wangu amekwisha kucheza, ananingoja.

"Umelala?"

"Ninafikiri."

"Unafikiri na macho imefungwa?"

"Weye unafikiri nayo wazi, na umesaidiwa nini?"

Sikumshambulia. Nilikataa tu. Akija huku, nafunga huku. Alinila mpagazi mmoja, mwanzoni kabisa, na toka hapo alitaka tubadilishane kila kitu, farasi kwa farasi, mnara kwa mnara, kwa maana mwenye kitu kimoja zaidi anapenda wengine wote waondoke. Nilimpa. Niliona wanaondoka mmoja mmoja kwenda pembeni ya meza, nikawaonea huruma, hata mwenda wazimu wangu wa mwisho. Ubao ukawa mpana na mtupu. Mwishowe alibakiwa na mfalme wake na mpagazi mmoja, na mimi nikabakiwa na mfalme peke yake.

Hapo akaegemea kiti, akajimiminia kahawa. Mpagazi wake alikuwa na njia ndefu mbele yake mpaka mwisho wa ubao, na akifika huko ni malkia, na malkia akizaliwa mimi nimekwisha.

Nikamweka mfalme wangu katika njia hiyo. Sikujua kama kuna elimu ya jambo hilo. Nilifanya kama mwanamke anayemzuia mlevi asiingie ndani: akienda kulia, uko kulia, akienda kushoto, uko kushoto, huondoki mlangoni. Mfalme wake alikuja kunitazama ana kwa ana, nami nikamtazama. Akazunguka, nikazunguka. Nikisukumwa narudi nyuma hatua moja, lakini narudi katika njia ile ile, mbele ya mpagazi yule yule.

Tabasamu likaondoka usoni pake. Kahawa ikapoa. Mvua ikakatika na sikumbuki ilikatika saa ngapi. Nakumbuka tu jogoo wa jirani akitembea uwanjani katika maji, na mume wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Kisha akamsogeza mfalme wake hatua moja, polepole, mpaka nyuma ya mpagazi, na kidole chake kikabaki juu ya kichwa cha mfalme kama anayesahau kukiondoa.

Zamu yangu. Mfalme wangu alikuwa amesimama katika mstari wa mwisho, mgongo wake ukiwa nje ya ubao. Mpagazi alikuwa mbele ya uso wake, na mfalme mwingine nyuma ya mpagazi. Kushoto, mpagazi anakula mshazari. Kulia, vilevile. Mbele, kila upande, mfalme wa mume wangu. Hakuna aliyekuwa anamgusa mfalme wangu pale aliposimama, lakini hakuwa na mahali hata pamoja pa kukanyaga. Na sikuwa na sanamu nyingine ya kusogeza badala yake.

Jambo hilo halikuwahi kunitokea. Siku zote aliniua mapema. Hakuna aliyekuwa amenifundisha linaitwaje.

Lakini kwetu Basoko tuna ule ubao wa mashimo, wa kucheza kwa mbegu, na mama alinifundisha nikiwa bado na meno ya utoto. Sheria yake haina mjadala: ikifika zamu yako na huna mbegu ya kusogeza, umeshindwa. Huulizi, hulii. Na aliyeshindwa ndiye anayekusanya mbegu zote, zake na za mwenzake, na kumkabidhi mshindi kwa mikono miwili. Mara moja, nikiwa mdogo, nilizirusha chini kwa hasira, na mama alinikalisha uwanjani kuziokota mpaka ya mwisho, na siku mbili hakucheza nami.

Basi nilifanya nilivyolelewa. Nilimlaza mfalme wangu. Nikazikusanya sanamu zote, nyeusi na nyeupe, za ubaoni na za mezani, nikazitia katika liputa niliyojifunga kiunoni, kisha nikazichota na kumwelekezea kwa mikono miwili.

"Umenifunga, Papa," nikasema.

Hakunyoosha mkono mara moja. Alizitazama sanamu, akanitazama mimi. Nilidhani ananionea huruma, na huruma yake sikuitaka. Kisha akafungua mikono, akazipokea.

"Asante," akasema. Akaziweka mezani, akachukua kofia, akatoka. Na sikuwa nimemwita Monsieur.

Nilikwenda chumbani nikafungua bunda langu, maana lilikuwa limefungwa tayari, ndiyo, nilikuwa nimelifunga toka Ijumaa kwa siri. Nilizirudisha nguo moja moja. Nilipofika kwenye kile kitambaa cha kumpokelea mtoto, nikakaa chini nikalia ndani yake mpaka kikalowa. Nilimlilia mama. Nilimwona anamgeukia mtoto wangu siku moja, baadaye, akimpapasa uso kwa vidole kwa sababu pembe ile ya jicho imekwisha kufungwa.

Neno ni neno. Jumatatu sikusema Basoko, Jumanne sikusema. Nilipika, nikafua, nikalala, nikaamka. Na nikaanza kuona kitu ambacho sikukielewa. Mume wangu, ambaye akimshinda mtu hata kwa kukisia mvua alikwenda kuwaambia wenzake, mara hii hakumwambia mtu. Ubao aliuweka juu ya kabati. Jumatano alirudi na samaki wa kukausha, akaviweka mbele yangu vile vifurushi vilivyofungwa kwa majani, akasema, "Imetoka kwenu." Samaki wa Basoko! Sijui wanaume wanafikiria na nini. Nilikula, nikalia nikila, naye akakaa ananitazama, hata tonge moja halikuingia kinywani mwake.

Alhamisi, saa nne hivi za asubuhi, boti ikapiga honi ya kwanza. Sauti yake ilipita juu ya mtaa wetu ikaenda kufia msituni. Nilikuwa uani mbele ya jiko la mbabula, na chungu cha maharagwe juu ya makaa, na nilisema moyoni, haya, imekwisha, ipite. Nikasikia baiskeli inaanguka ukutani. Alikuwa yeye, saa za kazi, jasho limemlowesha shati, kichwa wazi. Sijawahi kumwona njiani bila kofia.

"Haukushindwa," akasema.

"Nini?"

"Ule mchezo wa siku ya Mungu. Haukushindwa. Mufalme akikosa njia, na hakuna mwenye anamushambulia, mchezo unakufa pale pale. Inaitwa pat. Iko nul. Hakuna mwenye ameshinda, hakuna mwenye ameshindwa."

Nilishika mwiko vizuri zaidi. "Nani amesema?"

"Ni sheria. Padri alinifundisha. Iko vile dunia nzima."

"Na weye ulijua lini?"

Akainama kuiinua baiskeli.

"Papa. Ulijua lini?"

"Mbele ya kusogeza ule mufalme wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona haina njia ingine. Nikiiacha ile pion, unaikula. Nikisogeza mufalme nyuma yake, iko nul. Nilitafuta, nilitafuta, uliona vile nilitafuta. Ulikuwa umenishika. Kisha nikasogeza, na weye ukaanza kukusanya..." Akakatika hapo. "Ukanipa na mikono miwili."

Eh! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwita Monsieur. Nilimwita na majina mengine ambayo Monsieur ni baraka mbele yake. Siku nne! Siku nne nimelala na kilio cha mama yangu, na weye umelala kando yangu na sheria yako ya dunia nzima! Jirani alitoka na ungo wake, akajifanya anapepeta, ungo ni mtupu. Nilimpiga mume wangu na mwiko begani, mara moja, maharagwe yakaruka kwenye shati lake lililopigwa pasi, na hakurudi nyuma.

"Nilikuwa na woga," akasema. "Nilisema, Mungu amenisaidia, yeye mwenyewe amesema ameshindwa. Hakuna mutu Kisangani angeweza kukuambia. Hapa mimi ndiye nilifundisha wote. Ningenyamaza, ingebaki vile."

"Basi juu ya nini hukunyamaza?"

Alifuta uso. Akaniambia asubuhi ile ofisini walimpa karatasi aandike orodha ya abiria wa boti, kwa sababu ya mwandiko wake. Aliandika wa Yanonge, akaandika wa Isangi, akaandika wa Basoko, wote saba. Alipomaliza akaona mkono umeandika wa nane. Lilikuwa jina langu. Aliweza kulikata kwa mstari mmoja. Alikaa na kalamu juu yake, honi ikapigwa, na badala ya kukata akaipeleka orodha kwa nahodha na kurukia baiskeli.

Hasira yangu haikuisha, msifikiri. Ilikaa pale pale, lakini niliuweka mwiko chini, nikakaa juu ya kigoda.

"Donc? Sasa ni nini?" nikauliza.

"Donc, nul. Kwa haki, tunapaswa kucheza tena."

"Kucheza tena! Boti inapiga honi na weye unataka kucheza tena!"

Hata jirani alicheka. Naye pia akacheka, kidogo, na machozi yamo. Nikamwambia sisi hatuchezi tena mchezo wowote juu ya mtoto huyu. Kama hakuna aliyeshinda, basi kila mtu apate nusu. Mimi naenda kwa mama. Na yeye aandike barua, kwa mwandiko wake ule, kwa muuguzi wa dispensari ya Basoko, kwamba siku ya uchungu aje akae mlangoni kwa mama na mfuko wake wa dawa, na asiondoke mpaka mtoto alie. Aliiandika pale pale, amesimama, karatasi ameiweka juu ya mgongo wa bunda langu nililokuwa nalifunga upya. Ilikuwa barua yenye mwandiko mbaya kuliko zote alizowahi kuandika.

Safari siikumbuki vizuri. Nililala karibu njia yote, juu ya mkeka, kati ya magunia ya mchele na kuku waliofungwa miguu. Nikifumbua macho naona ukingo wa msitu unapita, kijani, kijani, kisha moshi wa kijiji, kisha kijani tena, na mto mpana usioonekana kama unakwenda. Tulisimama kuchukua kuni. Mtu aliniletea maji. Niliona raha sana kuwa mtoto na mimi tunabebwa, na kwamba hakuna tena la kufanya, na nikalala.

Mama alikuwa amesimama penye mitumbwi, kichwa amekigeuza upande.

Mtoto alikuja baada ya wiki tatu, mchana, jua liko juu ya mto. Muuguzi alifika kama alivyoandikiwa, akakaa mlangoni juu ya kigoda cha mama na mfuko wake magotini tangu alfajiri, akapewa ndizi, akapewa samaki, akasinzia, na mama akamtania kwamba daktari wa Wazungu anazaa usingizi. Hakuitwa ndani. Mama alimpokea mtoto mwenyewe, akamfuta, kisha akamchukua mpaka mlangoni penye mwanga, akamruka muuguzi, akageuza kichwa kama kuku anavyotazama punje, na akamsogeza mtoto polepole mpaka akaingia katika ile pembe ya jicho iliyobaki. Akamshikilia hapo. Nilikuwa nimelala namtazama mgongo, naona mabega yake yanatikisika.

"Iko na paji la baba yake," akasema mwishowe. "Pole yake."

Mume wangu alikuja na boti iliyofuata, amepewa siku sita na ofisi. Aliingia uwanjani na viatu vyake vya mjini, akamsalimia mama kwa magoti yote mawili, akapewa mtoto. Hakujua kumshika, alimshika kama faili. Alikaa naye kivulini mwa nyumba, anamtazama, na mimi nilikaa karibu nikimenya makemba, na mama upande wa pili, anasikiliza. Kisha, bila kuinua kichwa, mume wangu akaniuliza:

"Na weye? Kama ni weye ndiye ulijua ile sheria, na mimi sijui, na nimekukusanyia, nimekupa na mikono miwili. Ungeniambia?"

Kisu kikasimama katika ganda. Niliona anangoja, na kwamba swali hilo amesafiri nalo mto mzima. Ningeweza kumpa jibu tamu, alilistahili. Lakini alikuwa ameniambia ukweli alipoweza kunyamaza, na sikuona la kumrudishia ila hilo.

"Hapana," nikamwambia. "Ningenyamaza. Ningepanda boti, na mpaka leo usingejua."